Nililia kwa Sababu ya Roho, au ya Gitaa?



Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa hapa kwetu alinisubiri pale karibu na tangi la maji. Nilidhani anataka tumwombee mjukuu wake aliye kidato cha nne. Kumbe alikuwa na swali, na tangu siku hiyo swali lenyewe halijaniacha.

Alisema siku hiyo alichelewa, akakuta kiti chake kimekaliwa na mgeni, wahudumu wakampeleka pembeni kabisa, karibu na vyombo. Akiwa hapo akaona kitu ambacho hajakiona miaka yote. "Pasta," akaniambia, "mhubiri aliposema tuinamishe vichwa, yule kijana wa gitaa alikanyaga kitu kwa mguu, na mlio ukabadilika. Ule mlio ndio hunitoa machozi kila mara. Sasa niambie. Mwaka ule nilipokuja mbele kuokoka, nililia kwa sababu ya Roho, au nililia kwa sababu ya kile kitu anachokanyaga?"

Nikamjibu haraka, vile sisi watumishi hujibu: Mama, Mungu hutumia vyote.

Akasema, "Hilo najua, mwanangu. Mimi nimeuliza lingine."

Wapendwa, sikuwa na la kusema. Na sababu ya kunyamaza si kwamba swali ni gumu tu. Ni kwamba anayempa yule kijana ishara akanyage ni mimi. Nikishusha kiganja, mpiga ngoma anapunguza. Nikiinua viganja viwili kama mtu anayeomba, kijana analeta ule mlio. Kwenye bendi tunauita "mawingu."

Acha nieleze mawingu yanavyotengenezwa, kwa sababu wengi wenu mmeyasikia na hamjawahi kuambiwa. Gitaa la umeme peke yake ni kitu kidogo sana. Ukilipiga bila kuliunganisha na kitu, mtu wa safu ya tatu hatasikia. Mlio unatoka kwenye nyuzi, unaingia kwenye waya, unapita kwenye visanduku vilivyopangwa sakafuni, ambavyo ni pedali, kisha unafika kwenye amplifaya na spika. Kila pedali ina kazi yake. Kuna tyuna ya kuangalia kama nyuzi zimekaa sawa. Kuna kompresa, inayosawazisha noti za nguvu na zile dhaifu. Kuna ovadraivu, inayokwaruza mlio kidogo kama sauti ya mhubiri wa saa nane mchana. Kuna korasi (si yale mapambio yetu!), inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Halafu dilei, inayorudia noti, na mwisho rivabu, inayoupa mlio mwangwi wa jumba kubwa.

Mawingu ni hivi. Kabla ya dilei kuna pedali ya volumu ya kukanyagwa. Kijana anapiga nyuzi volumu ikiwa chini kabisa, halafu anaifungua polepole. Ule mgongano wa kidole na uzi hausikiki. Noti inafika kama imetoka mahali pasipojulikana. Dilei inaichukua na kuirudia, rivabu inaitandaza. Wimbo wa kuabudu wenye mapigo 72 kwa dakika, pigo moja ni kama milisekunde 833, na kijana anaiweka dilei irudie kwa robo tatu ya pigo, yaani milisekunde 625, ili marudio yaangukie katikati ya mapigo na kusiwe na nafasi tupu. Ufundi huo wa robo tatu wengi waliujua kupitia The Edge, mpiga gitaa wa kundi la U2 la Ireland, tangu miaka ya 1980. Kwa hivyo unapoinamisha kichwa na kuhisi kama mbingu imeshuka mpaka kwenye mabati yetu, kuna hesabu imefanywa Jumamosi jioni.

Sasa nieleze lile linaloniuma zaidi. Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa utafiti wa Ronald Milliman uliochapishwa mwaka 1982, kuhusu duka kubwa la vyakula huko Marekani. Muziki wa polepole ulifanya wateja watembee polepole, na mauzo yakawa juu kwa kama asilimia 38 kuliko siku za muziki wa haraka. Wateja hawakuombwa wanunue zaidi. Hawakuambiwa chochote. Miguu yao tu ndiyo iliyoambiwa. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani huo. Na miaka kadhaa baadaye, nikiwa msaidizi wa mchungaji, nilijikuta nikiinua viganja viwili si wakati wa wito wa wokovu peke yake. Niliinua wakati wa sadaka pia.

Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Nilijua tu kwamba inafanya kazi.

Ningependa kuwaambia kwamba jibu ni rahisi: tuzime pedali zote, turudi kwa makofi na kayamba. Nimelipima jibu hilo na halisimami. Kwanza, hakuna mlio wa gitaa la umeme ambao ni "wa kweli" kabla ya vifaa. Hata amplifaya ni kifaa. Hata jengo ni kifaa. Waliojenga Hagia Sophia kule Istanbul, karne ya 6, hawakuwa na umeme, lakini mwimbaji akinyamaza ndani yake sauti inabaki ikizunguka kwa takriban sekunde 10. Hiyo ni rivabu ya mawe na kuba, na waabudu wa pale walitetemeka pia. Pili, Maandiko yenyewe. Someni 2 Wafalme 3. Elisha amefuatwa na wafalme watatu, amekasirika, haoneki kuwa na neno. Anafanya nini? Anaomba aletewe mpiga kinubi. Na ni wakati yule mtu anapiga ndipo mkono wa Bwana unapomjia. Nabii mzima! Kwa hivyo siwezi kumwambia yule mama kwamba muziki na Roho ni vitu viwili visivyogusana.

Lakini angalia vizuri. Elisha aliomba muziki kwa ajili yake mwenyewe, na aliuomba hadharani, kila mtu akisikia. Hakumpa mpiga kinubi ishara ya siri ili Yehoshafati alegee moyo. Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti. Bado sikuwa na maneno yake, mpaka Jumamosi iliyopita tulipofanya mazoezi.

Tulikuwa na shida ya kelele. Kwa wiki kadhaa gitaa lilikuwa likivuma, nzzzz, na juu yake kuna mlio mwembamba kama wa mbu. Kijana alitaka tununue pedali nyingine ya kuzuia kelele. Mweka hazina hakutaka kusikia. Nikasema tuanze kutafuta moja baada ya nyingine. Pedali zetu zinatumia volti 9, na zote sita zilikuwa zinakula kutoka kwa adapta moja tuliyonunua kwa bei ya kutupa barabara ya Luthuli. Tulipoipa dilei, ambayo ni ya kidijitali, umeme wake peke yake, mbu akanyamaza. Ilikuwa ikiwachafulia wenzake umeme. Tukakuta rivabu imewekwa kabla ya ovadraivu, kwa sababu mtu alipanga kwa haraka baada ya kesha. Hilo ni kosa la kawaida: ovadraivu inainua kila kitu kilichoingia, kwa hivyo ule mwangwi mdogo wa nyuma unapandishwa mpaka unakaribia noti yenyewe, na mlio unakuwa uji. Tukageuza. Afadhali.

Lakini uvumi ulibaki. Basi nikamwambia kijana, toa zote. Gitaa, waya mmoja, amplifaya.

Wapendwa, tulisikia aibu. Nyuzi zilikuwa kuukuu, zimekufa, hazina mng'ao. Uzi wa tatu ulikuwa chini ya kiwango chake. Soketi ya gitaa ilikuwa imelegea, ukitikisa waya inakwaruza. Na kila ovadraivu iliyofuata ilikuwa ikiichukua ile kelele ndogo ya mwanzo na kuizidisha pamoja na muziki, kwa sababu pedali haijui ipi ni kelele na ipi ni noti. Kijana akaniangalia, akasema kitu ambacho nimekiandika kwenye daftari langu: "Pasta, nilikuwa nikiongeza rivabu kila wiki nikidhani nataka upako. Kumbe nilikuwa nikificha soketi."

Nilicheka. Halafu nikakumbuka wakati wa sadaka na kicheko kikaisha.

Hapo ndipo nilipopata maneno. Rivabu ileile, kisanduku kilekile, kisu kilekile kikiwa kimezungushwa mpaka alama ileile, inaweza kufanya kazi mbili. Inaweza kuibeba noti nzuri ifike mbali kuliko ingefika peke yake. Na inaweza kufunika noti mbovu ili mtu asiulize. Msikilizaji aliye safu ya nyuma hawezi kutofautisha. Anayeweza kujua ni aliye karibu na soketi. Yaani swali la yule mama, kwa sehemu kubwa, si yeye anayepaswa kulijibu. Ni mimi. Nilipoinua viganja, nilikuwa nikibeba nini, au nikifunika nini? Kwenye wito wa wokovu, mara nyingi naamini kulikuwa na neno lililohubiriwa, na muziki uliwapa watu nafasi ya kukaa nalo bila haya ya ukimya. Wakati wa sadaka, mara kadhaa, nilikuwa nafunika. Nilikuwa sijaeleza vizuri pesa za paa zilienda wapi, na nilijua sijaeleza, na mawingu yalinisaidia nisiulizwe.

Mtu atasema, Pasta, mbona unajisumbua, si watu walitoa kwa moyo wao? Labda. Lakini mimi huwa najiuliza hivi siku hizi: je, ninaweza kusimama kwenye madhabahu na kutangaza ninachofanya, wakati nikikifanya, na bado kifanye kazi? "Ndugu zangu, sasa gitaa litapiga taratibu ili tupate utulivu wa kuomba." Hiyo naweza kusema, na hakuna atakayekasirika. "Ndugu zangu, sasa gitaa litapiga taratibu ili msifikirie sana kuhusu hesabu za paa." Hiyo siwezi. Duka la 1982 pia halingeweza kubandika tangazo kama hilo mlangoni.

Nikiri pia kwamba kipimo hiki kina mipaka. Kuna siku nimepiga kwa moyo safi kabisa na watu wakalia kwa sababu tu wamechoka na maisha. Na kuna siku, nasema hili kwa kutetemeka, nilikuwa na nia mbovu na bado Mungu akamgusa mtu. Mlio wenyewe wa kukwaruza tunaoupenda ulienea kwa sababu ya hitilafu. Huko Nashville walikuwa wakirekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, na chaneli moja ya mitambo ya studio ikaharibika. Gitaa la besi la Grady Martin likatoka limekwaruzika, wakaliacha hivyo. Mwaka uliofuata kifaa cha kutoa mlio kama ule kikaanza kuuzwa. Kitu kizuri kilitoka kwenye mtambo mbovu. Lakini hakuna fundi aliyesema basi tuvunje mitambo yote.

Tumefanya mambo mawili. Soketi imechomewa upya, na nyuzi ni mpya (shukrani kwa ndugu aliyetoa bila kutaka kutajwa). Na wakati wa sadaka, kuanzia Jumapili iliyopita, vyombo vinanyamaza. Mweka hazina anasoma hesabu za mwezi, kisha kikapu kinapita. Mara ya kwanza ilikuwa kimya mpaka ukasikia sarafu zikianguka, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama umeme umepotea. Sadaka ilishuka. Ilikuwa tarehe za mwezi kona, kwa hivyo siwezi kusema ni gitaa. Mchungaji mkuu ameniambia tuendelee mpaka mwisho wa robo mwaka, halafu tuangalie. Hesabu za paa ziko kwenye ubao pale mlangoni, na kosa lililoko kwenye ukurasa wa pili ni langu.

Yule mama nilimtafuta Jumatano baada ya maombi. Nilimweleza yote haya, pamoja na viganja viwili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kama amenisamehe. Akauliza kama yule kijana yuko karibu, maana anataka aonyeshwe kisanduku kimoja kimoja. Kijana akawasha, mama akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya amplifaya, mkoba mapajani. Akasikiliza gitaa tupu kwanza, kisha dilei, kisha rivabu. Alipofika kwenye mawingu, akafumba macho, machozi yakamtoka tena.

"Zima," akasema. Kijana akazima. Mama akakaa kimya, macho bado yamefumbwa, na sisi wawili tukasimama pale hatujui kama tuondoke.