Kigezo na Uhuru wa Fundi
Je, fundi anayekata mbao kwa ruta inayoongozwa na kigezo bado ana uhuru wa usanii? Mwingereza David Pye, katika kitabu chake cha 1968, alitenganisha kazi ya hatari, ambayo matokeo yake hutegemea mkono hadi mwisho, na kazi ya uhakika. Wapo wasemao hii ya pili, kama ile ya kigezo, haina roho. Sikubaliani nao. Beringi ya kisu cha ruta hufuata ukingo wa kigezo bila kuchagua. Ukingo huo ukiwa na pengo dogo, kila kipande hulirithi. Basi hatari haijatoweka, imehamia kwenye saa za kuchonga na kupiga msasa kigezo chenyewe, ambako kosa moja huzaa makosa mengi. Anayestahili lawama ni fundi anayenakili umbo asilolipima.