Mkate wa Tini

Jumanne

*Soma 2 Wafalme 20:1-7 na Yakobo 5:14, 15. Je, katika mafungu haya sala na tiba vinapingana?*

Mwaka 1838, katika kaunti ya Essex nchini Uingereza, James Banyard alianzisha kundi la Wakristo lililojulikana kama Peculiar People. Waliyashika maneno ya Yakobo neno kwa neno: mgonjwa aliitiwa wazee, akapakwa mafuta na kuombewa. Daktari hakuitwa. Mtu mzima alijichagulia mwenyewe njia hiyo. Mtoto mchanga hakuwa na la kuchagua.

Mwaka 1868 wazazi wawili walishtakiwa London baada ya mtoto wao kufa kwa ugonjwa wa mapafu bila kuonwa na daktari. Waliachiwa huru, kwa maana walitenda kwa imani ya kweli. Mwaka huohuo Bunge likatunga sheria iliyolifanya kuwa kosa jambo la mzazi kumnyima mtoto tiba kwa makusudi. Hata hivyo watoto waliendelea kufa, na baadaye baba mmoja wa kundi hilo alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Dondakoo ilipozuka Essex mwaka 1910, kundi liligawanyika: wengine wakakubali madaktari, wengine wakakataa. Walipopatana katika miaka ya 1930, msimamo wa waliokubali tiba ndio ulioshinda.

Wazazi hao hawakukosa upendo, wala hawakukosa imani. Kosa lao ni kudhani kwamba kumwita daktari ni kumwonea Mungu shaka. Lakini Hezekia alikwisha kuahidiwa na Bwana kwamba atapona (fungu la 5), na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (fungu la 7). Tini hazikuipunguza ahadi. Naye Luka, mwenzake Paulo, aliendelea kuitwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Ni kweli kwamba si kila mtoto apelekwaye hospitalini hupona, na si kila sala hujibiwa kama mzazi alivyotamani. Lakini hata Yesu alipomfufua binti Yairo, aliagiza apewe chakula (Marko 5:43). Muujiza haukuwaondolea wazazi wajibu wa kumtunza mtoto wao.

*Mama mmoja kanisani ameambiwa kwamba akiendelea kumpa mwanawe dawa ya kifafa, maombi hayatasikiwa. Utamshauri nini, na kwa fungu gani? Wazee wa kanisa wamsaidieje bila kumvunja imani?*