Anayekulisha Utamkatazaje?

Niliwahi kuwa mhudumu katika meli ya watalii. Kule, kabla ya safari kuanza, kila abiria lazima afanye zoezi la dharura: ajue jaketi la kuokolea linavaliwaje na akusanyike wapi. Siku moja mzee wa meza yangu aligoma. "Nimelipa nipumzike, kijana," akacheka, glasi mkononi. Nami nikamtia alama: amehudhuria. Bakshishi yake ndiyo karo ya mdogo wangu, jamani!

Unadhani sikuijua habari ya Costa Concordia? Januari 2012 ilipasuliwa na mwamba kisiwani Giglio, Italia, wakafa watu 32. Mamia waliopanda siku ileile walikuwa hawajafanya zoezi, maana sheria ya wakati ule iliruhusu kungoja hadi saa 24. Baadaye ikabadilishwa.

Wenzangu husema roho ni yake, ana haki ya kuichezea. Aa wapi! Gizani, kwenye ujia mwembamba, asiyejua pa kwenda huwaziba wenzake, na wa kurudi kumtafuta ni mimi. Wengine hulaumu kampuni, inayomfanya mtu askari na ombaomba kwa wakati mmoja. Hapo nakubali. Ila kalamu niliishika mimi.

Jioni alinipa dola 20. Nilizipokea kwa mikono miwili.