Nguo ya Skuli na Elimu

 

Wako wadhanio kuwa mwanafunzi akivaa sare nzuri, elimu itamwingia. Kusitiri mwili ni faradhi, hilo halina mjadala. Lakini elimu ni jambo jingine. Magharibi ya Kenya watoto waligawiwa sare bure, na siku za kukosa skuli zikapungua kwa 37 katika kila 100. Kwa wale waliokuwa hawana sare kabisa, kwa 55. Walipotazamwa tena baada ya miaka 8, hawakuonekana kuwapita wenziwao kwa madarasa waliyoyamaliza. Sare humfikisha mtoto mlangoni. Ndani yamngoja kazi ya mwalimu.

Katika Tanzania ada ya skuli za serikali hata kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare imebaki mgongoni mwa baba. Mkulima wa Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mkwawa iliyovunjwa na Wajerumani mwaka 1894, hununua shati, na kwa baridi ya Iringa hununua na sweta. Asipoweza, ni haki gani mtoto aliyekuja kutaka elimu arudishwe kwao?

Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu, alikuja kutaka kufundishwa hali wakubwa wa Makureshi wapo barazani, na kwa ajili yake ikateremka Surat Abasa. Wako wenye maduka ya nguo wa pwani waijuao sura hiyo kwa moyo tangu chuoni.