Thamani ya Kitu Hutoka Wapi?

Wahenga wetu walisema, Akiba haiozi. Lakini yatupasa kuuliza ni akiba ipi, na thamani yake yatoka wapi. Nimeona vema tulipime neno hili kwa mfano wa kitu kidogo sana, nacho ni kadi ya karatasi.

Huko Marekani, tangu mwaka 1909 hata 1911, kampuni iliyoitwa American Tobacco Company ilitia ndani ya pakiti za sigara kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli. Mmoja wao alikuwa Honus Wagner wa Pittsburgh. Kadi yake ilikomeshwa upesi. Wengine husema hakupenda watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake. Wengine husema alitaka malipo. Vyovyote vilivyokuwa, zimesalia chache, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola 7,250,000. Mwaka uo huo kadi ya Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952 pamoja na peremende ya kutafuna, iliuzwa kwa dola 12,600,000. Na Sy Berger, mtumishi wa kampuni hiyo, alisimulia ya kuwa masanduku mengi ya kadi za mwaka ule, yaliyokosa wanunuzi, aliyatosa baharini mnamo mwaka 1960.

Huenda msomaji atacheka na kusema, Huu ni upumbavu, karatasi ni karatasi tu. Walakini asifanye haraka. Noti ya fedha nayo ni karatasi. Barua ya marehemu baba, hata ikiliwa na mende pembeni, hatuitupi. Basi kuthamini karatasi si upumbavu, wala kutunza ukumbusho si dhambi. Mwenye kutunza kadi yamkini anatunza siku za utoto wake, alipokaa na baba yake kutazama mchezo.

Hatari i wapi, basi? Ipo pale kitu kinapomtawala mwenyewe. Kadi moja ya Wagner ilinunuliwa mwaka 1991 kwa dola 451,000, ikasifiwa kuwa nzuri kupita zote. Mwaka 2013 mnadi mashuhuri, William Mastro, alikiri mahakamani ya kuwa yeye ndiye aliyezikata kingo zake ili ipendeze macho. Tazameni: alipunguza karatasi, akaongeza bei. Tamaa ilimfundisha kusema uongo kwa mkasi, kabla hajafumbua kinywa.

Tuangalie na mfano wa pili. Mtu mmoja aliitunza kadi ya Wagner tangu mwaka 1936. Alipofariki mwaka 2010 aliwaachia watawa wa Kikatoliki wa Notre Dame, huko Baltimore, kwa kuwa dada yake alikuwa mmoja wao. Kadi ile ilikuwa imekatwa na kuchakaa, na kila mtu aliona hivyo. Hata hivyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000, na fedha zikaenda katika kazi yao kwa maskini. Kadi hizi mbili zote zilikatwa. Lakini moja ilificha jeraha lake, na ya pili ililionyesha.

Basi mwenye kukusanya vitu, viwe kadi, stempu, ng'ombe au mashamba, ajiulize maneno matatu. Je, nimekipata kwa kweli? Je, naweza kukiacha, mwenye haja akinijia? Je, chanikumbusha watu, au chanisahaulisha watu?

Liko neno moja zaidi. Kadi hupanda bei kwa sababu nyingine zimetupwa. Kama zote zingalikuwapo, isingaliulizwa hata moja. Tena wajuzi huipima na kuipa alama, na kunjo moja tu huishusha. Lakini mwanadamu sivyo. Watoto mia wakiletwa pamoja, hakuna apunguaye thamani kwa wingi wa wenzake. Na mzee aliyekunjamana hapungui neno mbele ya kijana. Tusiwapime watu kwa mizani ya mnada. Atakayejifunza tofauti hii, na akusanye kadi zake kwa amani.