Siku ya Bwana na Zamu ya Mwenzetu

Sisi tuliolelewa katika milima ya Upare tunaijua zamu ya maji. Ndiva hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mifereji kutoka shamba hadi shamba. Msaragambo wa kuzoa tope la ndiva ukipangwa Jumapili, swali huja: tukienda ibadani, sehemu yetu ya tope anaibeba nani? Ndugu zetu Waadventista, ambao kanisa lao liko Upare tangu 1903, hujiuliza vivyo hivyo Jumamosi. Kuishika siku ya Bwana ni vyema. Lakini je, ni haki dhamiri yetu ilipiwe kwa jasho la mwenzetu?

Swali hili lilimkuta Michael Jones, mchezaji wa raga wa New Zealand mwenye asili ya Samoa. Katika raga, wachezaji wanane wa mbele hushikana na kusukumana na wanane wa upande wa pili. Jones alikuwa pembeni, katika safu ya nyuma ya hao wanane. Kazi yake ilikuwa kuchomoka wa kwanza, kumwangusha mwenye mpira, kisha kuinama juu ya mpira ili wenzake waupate. Ni nafasi ya kuwatumikia wengine, na mtu asipokuwepo pengo lake huonekana.

Jones hakucheza Jumapili. Katika Kombe la Dunia la 1987 nusu fainali iliangukia Jumapili, naye akakaa nje. Timu yake ilishinda, na Jumamosi iliyofuata alirudi, akafunga katika fainali dhidi ya Ufaransa, wakatwaa kombe. Mwaka 1991 mambo hayakuwa mepesi. Nusu fainali ilichezwa Jumapili mjini Dublin, Jones hakuwepo, na New Zealand ikafungwa na Australia 16 kwa 6. Mwaka 1995 robo fainali na nusu fainali zote zilikuwa Jumapili, naye hakuchukuliwa kabisa.

Tusiipunguze hasara ya 1991. Wenzake walikuwa wamejiandaa kwa miaka, na hakuna ajuaye kama angewaokoa. Hadithi ya 1987 ni tamu kuhubiri, kwa kuwa ndani yake utii unalipwa kombe. Lakini imani inayotegemea kombe itavunjika Dublin.

Mtu atasema: Bwana wetu mwenyewe aliuliza ni nani asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Ni kweli. Mfereji ukipasuka Jumapili na kubomoa nyumba ya jirani, tutashuka na majembe, na hiyo itakuwa ibada. Lakini nusu fainali si ng'ombe kisimani. Iliyokuwa hatarini ni heshima, si uhai. Hapa tujipime wenyewe: ni mara ngapi tumeita ng'ombe kile ambacho kilikuwa faida ya mnada tu?

Hata hivyo dhamiri ina adabu yake. Jones hakuwavizia wenzake. Msimamo wake ulijulikana mapema, timu ikajipanga. Gharama ya kwanza aliilipa mwenyewe, kwa kukosa michezo ambayo kila mchezaji huiota. Na siku nyingine alicheza kwa nguvu zote, hata akahesabiwa miongoni mwa walio bora kabisa katika nafasi yake. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Jumapili ilikuwa kisingizio cha uvivu.

Nasi tufanye hivyo. Msaragambo ukipangwa siku ya ibada, tumwambie mzee wa ndiva mapema, si asubuhi ile ile. Jumatatu tushuke peke yetu tukazoe tope lililo sehemu yetu, na la ziada. Jirani Mwadventista akiomba Jumamosi yake, tumbebee zamu bila kunung'unika, kwa maana Paulo aliwafundisha Warumi kwamba aishikaye siku huishika kwa Bwana, na si kazi yetu kumhukumu mtumishi wa mwingine.

Hata tukifanya yote hayo, ipo siku mwenzetu atapata hasara kwa sababu yetu. Siku hiyo tusimhubirie. Tumwendee, tukiri kwamba ameumia, na tushike jembe upande wake.