Siku ya Siklagi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 22:20–23, 23:15–18, 27:1–12, 30:1–25.

Fungu la kukariri: 1 Samweli 30:6, sehemu ya mwisho.

Msibani, wodini, au mahindi yanapokauka shambani kabla ya kubeba, neno tunaloambiana upesi kuliko yote ni "jikaze". Tunamwambia mtoto aliyejikwaa. Tunamwambia mjane kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kwa mwanamume tunaongeza: jikaze kiume. Nia yetu ni njema, lakini mara nyingi tunachomaanisha ni nyamaza, futa machozi, usitutie hofu na sisi. Mtu hujikaza hivyo mwaka wa kwanza na wa pili, kisha siku moja anaanguka, nasi tunashangaa, maana Sabato iliyopita alikuwa mlangoni akitusalimu kwa tabasamu.

Biblia ina neno lililo karibu na hilo, ila si lilelile. Siku ambayo mji wake ulichomwa moto, na watu wake mwenyewe wakataka kumpiga kwa mawe, Daudi alijitia nguvu katika Mungu wake. Juma hili tutakaa na siku hiyo moja na kuuliza: alifanyaje?

JUMAPILI
Mazungumzo ya Moyoni

Soma 1 Samweli 27:1–12. Daudi alijiambia nini moyoni, na wazo hilo lilimpeleka wapi?

Taabu ya Siklagi ilianza kabla ya moto, kwa wazo. Katika sura ya 26 Daudi alikuwa amemwacha Sauli hai kwa mara ya pili, na Sauli mwenyewe akakiri kosa lake na kumbariki. Samweli alikwisha kumtia mafuta zamani. Hata hivyo, moyoni mwake Daudi akahitimisha kwamba ipo siku Sauli atamwua, basi heri ahamie kwa Wafilisti.

Kule Keila, katika sura ya 23, Daudi alimwuliza Bwana swali baada ya swali kabla ya kuchukua hatua. Hapa hatusomi swali lolote. Alizungumza na nafsi yake peke yake, akaliamini jibu lake. Tusimhukumu haraka. Miaka ya kukimbia nyikani na mapangoni humchosha mtu, na akili iliyochoka huhesabu hatari zote na kuziruka ahadi.

Tena, mpango wake ulifaulu. Sauli akaacha kumtafuta. Akishi akampa mji wa Siklagi, na Daudi akakaa katika nchi ya Wafilisti mwaka mmoja na miezi minne. Lakini alikaa kwa kumdanganya mwenyeji wake, na mwishoni akajikuta katika msafara wa jeshi linalokwenda kupigana na Israeli, watu wake mwenyewe. Kilichomwokoa na aibu hiyo ni wakuu wa Wafilisti kutomwamini.

Ni sentensi gani umekuwa ukijiambia moyoni mwaka huu ambayo hujawahi kuipeleka mbele za Mungu ili isahihishwe?

JUMATATU
Mpaka Nguvu za Kulia Zikaisha

Soma 1 Samweli 30:1–6.

Walifika siku ya tatu, wamechoka kwa safari, wakakuta majivu. Waamaleki walikuwa wamechukua wake zao na watoto wao wote, na wake wawili wa Daudi, Ahinoamu na Abigaili, wakiwamo. Wanaume mia sita waliozoea vita wakapaza sauti wakalia, wakalia mpaka hawakuwa na nguvu za kulia tena. Mwandishi hakuona haya kuliandika hilo. Hasemi kwamba walipungukiwa imani, wala hasemi kwamba Daudi alisimama kando akiwa amekunja uso. Alilia pamoja nao.

Kisha uchungu ukageuka hasira, kama unavyogeuka katika familia nyingi baada ya msiba, akatafutwa wa kulaumiwa. Lazima tukubali kwamba Daudi hakuwa hana lawama. Ni yeye aliyewaleta watu hawa Siklagi, na ni yeye aliyewaongoza kutoka nje ya mji kumfuata Akishi.

Hapo ndipo alipojitia nguvu katika Mungu: baada ya kilio, akiwa na macho mekundu na sehemu yake ya kosa.

JUMANNE
Maneno ya Rafiki Asiyekuwepo

Soma 1 Samweli 23:15–18 na ulinganishe na 27:1 na 30:6. Unaona uhusiano gani?

Andiko halituambii Daudi alijitiaje nguvu. Sisi walimu hupenda kusema kwamba aliimba zaburi. Inawezekana, lakini haikuandikwa. Hata hivyo mwandishi ametuachia alama. Kitenzi cha Kiebrania cha kutia nguvu kinachotumika hapa ndicho kilichotumika Yonathani alipomwendea Daudi mwituni, katika nyika ya Zifu, na kumtia nguvu katika Mungu. Yonathani hakumwambia ajikaze. Alimkumbusha ahadi: asiogope, mkono wa Sauli hautampata, naye atakuwa mfalme.

Sasa rudi kwenye 27:1. Yonathani alisema mkono wa Sauli hautampata. Daudi akajiambia kwamba ataangamia kwa mkono wa Sauli. Wazo lililompeleka Siklagi lilikuwa kinyume cha ahadi ya rafiki yake, karibu neno kwa neno. Ndiyo maana linganisho hili lina uzito. Katika majivu ya Siklagi, Daudi anajifanyia mwenyewe kile ambacho zamani alifanyiwa na Yonathani. Na Yonathani hakuwepo. Katika siku hizohizo alikuwa akianguka vitani katika mlima Gilboa, na habari ilikuwa bado haijamfikia Daudi.

Kwa hiyo nguvu aliyoipata mtu huyu alipokuwa peke yake iliwahi kuwekwa ndani yake na mwingine. Unapomtembelea ndugu jioni moja na kumsomea ahadi ya Mungu, huenda usione badiliko lolote, ukarudi nyumbani ukidhani umepoteza muda. Neno hilo linaweza kufanya kazi yake miaka kadhaa baadaye, wewe ukiwa mbali au kaburini.

JUMATANO
Naivera

Soma 1 Samweli 22:20–23 na 30:7, 8.

Daudi alimwita Abiathari kuhani alete naivera. Abiathari alikuwa ameponyoka peke yake siku makuhani themanini na watano wa Nobu walipouawa, baba yake akiwa miongoni mwao, na Daudi alikiri kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Basi ni mfiwa aliyemletea mfiwa naivera.

Kisha Daudi akauliza. Hakujilazimisha kuamini kwamba mambo yote ni shwari. Aliuliza hatua moja tu iliyokuwa mbele yake: niwafuate, au nisiwafuate?

ALHAMISI
Kijito Besori

Soma 1 Samweli 30:9–25. Daudi aliwatendeaje waliochoka?

Watu mia mbili walishindwa kuvuka kijito. Walikuwa wametembea mwendo uleule na kupoteza familia zilezile kama wenzao mia nne, lakini miguu yao ilikataa. Hakuna aliyewafukuza; walibaki wakilinda vyombo. Mbele kidogo msafara ukasimama tena, ingawa kila saa ilikuwa na thamani, kwa ajili ya mtumwa Mmisri ambaye bwana wake alimtupa kwa sababu ya ugonjwa. Walimpa chakula, maji, tini na zabibu kavu kwanza, ndipo wakamwuliza habari.

Waliporudi na kila kitu, baadhi ya waliopigana walitaka waliobaki wapewe wake na watoto wao tu, waende zao. Daudi akakataa. Fungu la aliyeshuka vitani na la aliyekaa penye vyombo likawa sawa, na jambo hilo likafanywa kuwa sheria katika Israeli.

Katika kila kanisa kuna mtu aliyekaa Besori. Ni mama aliyeuguza mwaka mzima na sasa hukaa kiti cha nyuma. Ni ndugu ambaye usingizi umemkimbia na chakula hakina ladha, naye huambiwa kila juma aombe zaidi. Huenda anaomba kuliko sisi. Huenda anahitaji daktari, na mtu wa kumsindikiza hadi kliniki. Sisi tunaofundisha kwamba mwili ni hekalu tusione haya akili nayo ikitibiwa.

IJUMAA
Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kujikaza na kujitia nguvu katika Bwana? Mwenye ushuhuda wa yote mawili asikilizwe, bila kukatizwa.

2. Je, mtu anaweza kujitia nguvu katika Mungu wakati taabu imetokana na uamuzi wake mwenyewe mbaya? Siklagi inatujibu nini?

3. Ni nani katika kikundi chenu hajaonekana Sabato hizi za karibuni? Nani atakwenda kwake kabla jua la kesho halijatua, na atabeba nini mkononi?